Anga la Kuazima

Asubuhi ya tarehe 19 Oktoba 1978, mwongozaji ndege aliyekuwa zamu katika mnara wa uwanja wa Lusaka alisikia redioni sauti asiyoitarajia. Alikuwa rubani wa jeshi la anga la Rhodesia, aliyejitambulisha kwa jina la Green Leader. Alizungumza taratibu, kama mtu anayesoma taarifa ya hali ya hewa. Alieleza kwamba ndege zake zinashambulia kambi ya wapigania uhuru wa ZAPU nje kidogo ya jiji, kwamba hawana ugomvi na Zambia wala majeshi yake, na kwamba mkuu wa kituo cha ndege za kivita cha Mumbwa aambiwe asirushe chochote, kwa kuwa ndege za Rhodesia aina ya Hunter zilikuwa zikizunguka juu ya kituo hicho na zingeitungua ndege yoyote itakayopaa. Kisha akaomba ndege za abiria zisubirishwe kidogo. Zikasubirishwa. Mamia ya watu waliuawa kambini siku hiyo. Mazungumzo yale yalirekodiwa, na kinachoniumiza kila ninapoyasoma ni adabu ya yule mwongozaji. Hakuwa mwoga. Alikuwa mtu mwenye redio tu mbele ya mtu mwenye ndege.

Siku moja kabla, tarehe 18 Oktoba, ndege za MiG za Idi Amin zilikuwa zimedondosha mabomu Bukoba. Huku kwetu tunazisimulia habari hizi mbili katika vitabu viwili tofauti: kimoja cha ukombozi wa kusini mwa Afrika, kingine cha Vita vya Kagera. Lakini kalenda inaziweka jirani, na mimi naona ni habari moja.

Ninatoka Tunduma. Ukisimama pale mpakani, Nakonde ya Zambia ipo ng'ambo tu. Watu wanavuka kununua sukari na kurudi kabla uji haujapoa. Reli ya TAZARA, barabara kuu ya kwenda Zambia na bomba la mafuta la TAZAMA vyote vinapita kwetu, na historia yake ni moja. Serikali ya Ian Smith ilipojitangazia uhuru tarehe 11 Novemba 1965, Zambia iligundua kwamba mafuta yake, shaba yake na karibu kila kitu chake vilipita kwenye mikono ya watu wasioitakia mema. Ikageukia kaskazini. Bomba likaanza kusukuma mafuta mwaka 1968, na reli yenye urefu wa kilomita 1,860 ikakamilika katikati ya miaka ya 1970. Tunduma, iliyokuwa kituo kidogo cha mpakani, ikawa koo la nchi nyingine.

Na koo hukabwa. Tarehe 12 Oktoba 1979 makomando wa Rhodesia walilipua daraja la reli na la barabara kwenye mto Chambeshi, kusini mwa Kasama, kwenye njia hiyo hiyo inayotoka kwetu. Walishushwa kwa miamvuli kutoka kwenye ndege iliyokatiza anga la Zambia usiku pasipo mtu wa kuiuliza inakwenda wapi, kisha wakateremka na mto kwa mitumbwi. Babu yangu mzaa mama alikuwa kibarua wa reli miaka hiyo. Husema walichokiona wao Tunduma ni kwamba mabehewa yalienda na hayakurudi, na hakuna aliyewaeleza kwa nini kwa siku kadhaa. Hakuwahi kuiona hata ndege moja ya Rhodesia. Hakuna aliyeiona.

Nilipoanza masomo ya uzamili ya historia nilidhani nitaandika kuhusu reli. Nikajikuta naandika kuhusu kilichokuwa juu yake. Na siku nilipowaambia wenzangu darasani kwamba nchi kama yetu zinahitaji utafiti wao wenyewe wa ndege za kivita, mmoja aliniuliza kama Tunduma tumeshamaliza shida ya maji. Darasa lilicheka, nami nikacheka. Ni swali la haki, na nitalirudia.

Kwanza turudi mwaka 1964, kwa sababu hapo ndipo nchi yetu ilipoanza kulijua somo hili. Januari mwaka huo askari wa Tanganyika Rifles waliasi, na waliokuja kuwazima walikuwa makomando wa Uingereza walioletwa na helikopta kutoka kwenye manowari iliyotia nanga nje ya Dar es Salaam. Septemba likaundwa jeshi jipya, Jeshi la Wananchi. Jeshi jipya lilihitaji kikosi cha anga, na kazi ya kukijenga ikawa imeangukia Ujerumani Magharibi, iliyoleta ndege ndogo, wakufunzi na mafundi.

Tatizo lilikuwa Zanzibar. Baada ya Mapinduzi, Visiwani walikuwa wameshaanzisha uhusiano na Ujerumani Mashariki, na baada ya Muungano Mwalimu Nyerere akatafuta njia ya katikati: ubalozi kamili ufungwe, ibaki ofisi ya konsuli mkuu Dar es Salaam. Bonn haikuridhika. Sera yao wakati huo ilikuwa kwamba atakayewatambua Wajerumani wa Mashariki atapoteza urafiki wa Wajerumani wa Magharibi. Februari 1965 wakaondoa msaada wa kijeshi, na wakufunzi wa anga wakafunga mizigo. Mwalimu akajibu kwa kuwaambia wachukue na msaada uliobaki.

Hadithi hii huwa inasimuliwa kama hadithi ya heshima, na ni kweli ilikuwa heshima. Mimi huwa naisoma nikiwafikiria vijana waliokuwa wakifunzwa. Baada ya Wajerumani walikuja Wakanada, na ndege zao za Otter na Caribou. Walikaa hadi mwaka 1970. Kisha Wachina wakajenga kituo cha Ngerengere, wakaleta ndege za kivita za kwanza tulizowahi kuwa nazo, na marubani wetu wakaenda kujifunza China. Baadaye zikaja MiG-21 za Kisovieti. Katika muda wa miaka kumi na kidogo kikosi kimoja kilipitia mikono ya walezi wanne, kila mlezi na ndege zake, vipuri vyake, vitabu vyake na lugha yake. Fundi aliyeanza kuijua injini moja alianza upya na nyingine. Hakuna kilichopata muda wa kukaa kichwani mwa watu wetu hadi kikawa chetu.

Majirani zetu walipata somo hilohilo kwa bei kubwa zaidi. Desemba 1965 Zambia haikuwa na ndege hata moja ya kuilinda Kariba, ikaomba Uingereza, na Uingereza ikatuma ndege za Javelin zikakaa Ndola. Zilikuwa ndege za nchi ambayo waasi wa Salisbury walikuwa raia wake, na ambayo ilikuwa imeshasema haitatumia nguvu dhidi yao. Mlinzi huyo alikuwa binamu wa mwizi. Miaka kumi na mbili baadaye, katika vita vya Ogaden, mambo yalikuwa mabaya zaidi. Somalia iliivamia Ethiopia Julai 1977 ikiwa na MiG ilizopewa na Moscow. Ethiopia ikajibu kwa ndege za F-5 ilizopewa na Washington. Katikati ya vita wakubwa wakabadilishana wateja. Novemba Somalia ikawafukuza washauri wa Kisovieti, na muda si mrefu shehena kubwa ya silaha za Kisovieti ikateremshwa Addis Ababa, pamoja na marubani wa Kuba. MiG za Mogadishu zilikosa vipuri. MiG za upande wa pili zilikuja na mtu wa kuzirusha. Kufikia Machi 1978 jeshi la Somalia lilikuwa limerudi nyuma ya mpaka.

Waswahili husema nguo ya kuazima haisitiri matako. Kwenye ndege za kivita mambo huwa mabaya zaidi, kwa sababu nguo umeinunua, umelipa, na mwenyewe bado ameshika kamba.

Waulize Pakistan. Mwaka 1990 Marekani ilisitisha msaada wa kijeshi kwao kwa sababu ya mpango wao wa nyuklia, na ndege 28 za F-16 walizokuwa wameagiza zikabaki Marekani, zikiwa zimeegeshwa kwenye jangwa la Arizona. Malipo yaliyokuwa yameshatolewa yalikuja kurejeshwa mwishoni mwa muongo, na sehemu ya marejesho ikaja kwa bidhaa, ngano ikiwamo. Umeagiza ndege ya kivita, umepewa ngano. Sijui kama kuna simulizi fupi zaidi ya hiyo kuhusu maana ya kununua.

Sasa nikubali jambo linalonipinga. Tanzania ilishinda Vita vya Kagera, na haikushinda kwa ndege. Ilishinda kwa askari wa miguu, mizinga, malori na watu waliotembea hadi Kampala, wakaingia Aprili 1979. Ndege zetu zilishambulia Entebbe na maeneo mengine, lakini mwanahistoria mkweli hawezi kusema ndizo zilizoamua vita. Hata ndege kubwa ya Libya iliyotumwa kuipiga Mwanza mwishoni mwa Machi 1979 iliishia kuua wanyama katika hifadhi ya kisiwa cha Saanane. Mtu akiniambia tuwekeze kwenye ndege kwa sababu ndizo zinazoshinda vita, nitampinga kwa kutumia vita vyetu wenyewe.

Hoja yangu ni nyingine. Ndege ya kivita ni kitu kigumu kuliko vyote ambavyo jeshi hununua, kwa hiyo ndicho kinachoonyesha haraka zaidi ni nani anayejua na nani anayetegemea. Na anayetegemea haulizwi tu siku ya vita. Anaulizwa siku anapotaka kufungua ubalozi, siku anapopiga kura Umoja wa Mataifa, siku anapotaka kumpa hifadhi mpigania uhuru. Mwaka 1965 hatukuwa vitani na mtu. Tulitaka kuamua tu ofisi ya Wajerumani gani ikae mtaa gani.

Kwa upande mwingine, kuna nchi zilizojaribu, na waliojaribu hawakuwa matajiri.

Mwaka 1956 India ilimwajiri Kurt Tank, mbunifu wa ndege wa Kijerumani, akafanya kazi Bangalore na vijana wa Kihindi. Ndege yao, HF-24 Marut, iliruka mara ya kwanza tarehe 17 Juni 1961. Misri nayo, wakati wa Nasser, ilichukua mchoro ambao Willy Messerschmitt alikuwa ameuanza Hispania, ikajenga Helwan ndege iliyoitwa HA-300. Iliruka Machi 1964, na aliyeirusha alikuwa rubani wa majaribio wa India, Kapil Bhargava. Hapa ndipo habari inaponinogea. India ilikuwa na ndege nzuri yenye injini dhaifu. Misri ilikuwa inatengeneza injini mpya na haikuwa na ndege inayofaa ya kuijaribia. Basi India ikapeleka Marut moja Misri, ikafungwa injini ya Kimisri upande mmoja. Nchi mbili ambazo juzi tu zilikuwa chini ya Mwingereza zilikaa kwenye karakana moja kutatua tatizo ambalo hakuna aliyekuwa tayari kuwatatulia.

Haikufika mbali. Baada ya kushindwa katika vita vya 1967 Misri haikuwa na fedha wala muda, na Wasovieti walikuwa tayari kuwajazia MiG. Mradi ulifungwa mwaka 1969. Ukitaka kuiona HA-300 leo, uende Ujerumani. Ipo kwenye makumbusho karibu na Munich. Marut ilitumika hadi miaka ya tisini ilipoanza, ikapigana vita vya 1971, lakini haikuwahi kupata injini iliyostahili. Wapo wanaoiita mradi ulioshindwa. Ila ilipofika mwaka 1998, India ilipojaribu mabomu ya nyuklia na Marekani ikawafungia milango wahandisi wa Kihindi waliokuwa wakisaidiana nao kwenye mfumo wa kuongozea ndege mpya ya Tejas, wale wahandisi walirudi nyumbani wakaumaliza wenyewe. Tejas iliruka tarehe 4 Januari 2001. Huwezi kurudi nyumbani ukamalizie kazi kama nyumbani hakuna watu walioshika kazi hiyo tangu enzi za Marut.

Mfano unaonikera zaidi upo karibu zaidi, na ni wa adui. Rhodesia ile ile ya Green Leader ilikuwa chini ya vikwazo vya Umoja wa Mataifa. Ndege zake, Hunter na Canberra, zilitengenezwa Uingereza, na Uingereza haikuwa inawauzia vipuri. Ni kweli Afrika Kusini iliwabeba, na kweli wafanyabiashara wa magendo hawakukosekana. Lakini pia walikuwa na karakana zao. Mabomu ya mviringo yaliyodunda na kupasuka juu ya ile kambi ya Lusaka yalibuniwa na kutengenezwa na wao wenyewe, kwa ajili ya aina ile ya vita. Serikali ya walowezi wachache, isiyotambuliwa na nchi yoyote, ilikuwa na mafundi waliojua kuirekebisha ndege ya mtu mwingine hadi ikawa yao. Sioni haya kusema kwamba tulipaswa kujifunza kwao, kama unavyojifunza kwa mwizi ni dirisha gani halifungi.

Turudi kwa mwenzangu na swali lake la maji. Fedha anayoihofia tayari inatumika. Mwaka 2011 iliripotiwa kwamba Uganda ilinunua Su-30 sita na vifaa vingine vya kijeshi kwa takriban dola milioni 740. Sisi wenyewe tumekuwa tukinunua ndege tangu Ngerengere ilipojengwa. Nchi maskini hazikwepi gharama ya ndege za kivita kwa kutofanya utafiti. Zinailipa gharama hiyo kwa wengine, kisha zinalipia vipuri, kisha zinalipia mafundi wa kuja kuzifungua. Ninachotaka ni sehemu ndogo ya fedha hiyo, iwe ni kidogo kabisa, ibaki nchini ikiwa ujuzi. Na ujuzi huo hauishii jeshini. Mtu anayejua kupima ufa usioonekana kwenye bawa la ndege anajua kupima ufa kwenye bomba la maji la Tunduma.

Wala sisemi tuanze na ndege nzima. Hata Uturuki, iliyorusha ndege yake mpya ya Kaan Februari 2024, iliirusha kwa injini za Kimarekani. Tejas mpaka leo inategemea injini ya General Electric, na uwasilishaji wa Tejas za karibuni ulichelewa kwa sababu injini hazikufika kwa wakati. Injini ndiyo mlango uliofungwa. Ndani yake kuna mapanga madogo, mengine hayazidi kiganja, yanayozungushwa na gesi yenye joto kuliko kiwango ambacho metali yenyewe huyeyuka. Hayayeyuki kwa sababu yametobolewa vitundu vidogo vya kupitishia hewa, na kwa sababu kila panga limemiminwa likapoa polepole hadi likawa fuwele moja tu toka mwanzo hadi mwisho. Nchi zinazoweza kufanya hivyo zinahesabika kwenye vidole. Na metali kuu ya mapanga hayo ni nikeli.

Hapo ndipo Songwe yangu inaponirudia, kwa sababu mkoa huu una uhusiano wa zamani na metali. Kule Ndolezi, Mbozi, kuna kimondo, donge la chuma linalokadiriwa kuwa na tani 12 hivi, lililoanguka kutoka angani wakati ambao hakuna anayeukumbuka. Kwa kiasi cha asilimia 90 ni chuma, na sehemu kubwa ya kilichobaki ni nikeli. Watoto wa shule huletwa kupiga picha juu yake. Kabanga, wilaya ya Ngara, tuna akiba ya nikeli inayotajwa miongoni mwa kubwa zaidi duniani ambazo hazijachimbwa. Na Ngualla, ndani ya wilaya ya Songwe hapa hapa mkoani, kuna madini adimu: neodimiamu na praseodimiamu, yanayotengenezewa sumaku zenye nguvu sana. Sumaku hizo zipo kwenye simu yako, kwenye gari la umeme, na kwenye mota za kusogezea mabawa ya ndege za kivita za kisasa. Ndege moja ya F-35 inasemekana kuwa na zaidi ya kilo 400 za madini adimu ya aina mbalimbali. Mwaka 2025 China ilipoweka masharti ya kuuza nje baadhi ya madini hayo na sumaku zake, viwanda vya silaha vya Magharibi vilitetemeka.

Serikali ilisaini makubaliano ya Ngualla mwaka 2023 na kampuni ya Australia, na hisa asilimia 16 zikawa za Tanzania. Kampuni ya Kichina, Shenghe, ilikuwa imeshajipatia hisa nyingi ndani ya kampuni hiyo ya Australia. Hakuna ubaya katika hilo kwa lenyewe. Ila ukiliangalia kwa jicho la mtu anayesoma miaka ya 1960, unaona kitu unachokijua: jiwe linatoka kwetu, linaenda kuwa sumaku, sumaku inaenda kuwa ndege, ndege inarudi kwetu na masharti.

Na tusidhani kwamba hapa hapajawahi kuwa na watu wa metali. Wanyiha wa Mbozi walikuwa wafua chuma. Walijenga matanuri marefu ya udongo ambayo hayakuhitaji mivukuto; urefu wa tanuri wenyewe ulivuta hewa, kama dohani inavyovuta. Chuma kilichopatikana kilisafishwa tena kwenye tanuri dogo lenye mivukuto, kisha kikawa jembe, shoka, mkuki. Kujua udongo gani utastahimili moto, kuni gani, matundu mangapi ya hewa na yawe wapi, huo ulikuwa utafiti, hata kama hakuna aliyeandika ripoti. Majembe ya bei rahisi kutoka Ulaya yaliiua kazi hiyo wakati wa ukoloni. Miaka ya 1960 watafiti waliwakuta wazee waliokuwa bado wanaikumbuka. Ujuzi ulikuwa umebaki vichwani mwa watu wachache wenye mvi, na jembe lilikuwa linauzwa dukani.

Jambo kama hilo lilitokea tena, mbele ya macho ya wazazi wetu. Mwalimu alianzisha mradi wa Nyumbu, Kibaha, ili tuunde magari yetu wenyewe, na ukaunda mfano wa lori la kwetu. Kisha ikaja miaka ya masharti ya mikopo na bajeti zikakauka. Nyumbu haikufungwa, na siku hizi inatajwa tena, lakini kizazi kizima cha wahandisi kilipita pasipo kumrithisha mtu. Mradi wa utafiti ukikaa miaka kumi bila fedha hausimami ulipoishia, unarudi mwanzo.

Miaka takriban kumi iliyopita fundi mmoja wa Tunduma alionekana kwenye magazeti na mitandao akiwa na helikopta aliyokuwa akiiunda kwenye karakana yake. Nilikuwa sekondari. Wengine walimwita shujaa, wengi walimcheka, na kejeli zilisambaa kuliko pongezi. Picha nilizoziona zilikuwa za helikopta iliyokaa chini. Sitaki kumfanya kuwa zaidi ya alivyokuwa: chombo cha kuruka kinahitaji hesabu, vipimo na vibali, na sheria za usafiri wa anga zipo ili watu wasife. Mtu mmoja hawezi kuyafanya yote hayo kwa vyuma vya gereji. Kilichonishangaza ni jinsi mjadala ulivyokuwa na majibu mawili tu, apewe ruhusa ya kuruka au azuiwe. Hakuna aliyeuliza aende wapi akapimiwe panga lake, akaambiwe kwa namba kwa nini litafaa au halitafaa, akakae na mhandisi mezani. Orville na Wilbur Wright nao walikuwa mafundi baiskeli. Kabla ya kuruka mwaka 1903 walijitengenezea kisanduku cha mbao chenye feni, wakapima humo maumbo ya mabawa zaidi ya mia moja. Kisanduku hicho ndicho kilichowatofautisha na wengine wengi waliojaribu na kuanguka, na hakikuwa ghali.

Kwa hiyo nikiulizwa nitaanzia wapi, sitaanzia Ngerengere. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kinafundisha matengenezo ya ndege. Morogoro kuna karakana inayounganisha ndege ndogo za Skyleader zenye asili ya Jamhuri ya Czech. Jeshi lina mafundi waliozijua MiG na ndege za Kichina kwa miaka mingi, na baadhi yao wanastaafu kila mwaka pamoja na wanachokijua. Ningewaomba hao wanaostaafu wakae na wanafunzi kabla hawajarudi vijijini kufuga kuku. Ningetaka injini moja kuukuu ifunguliwe hadi nati ya mwisho na kila kipande kipimwe, kichorwe, kijaribiwe kutengenezwa upya hapa, hata kama vipande tisa kati ya kumi vitapasuka. Ningetaka wachimbaji wa Ngualla na wa Kabanga waelezwe kwamba sampuli zibaki kwenye maabara ya metali ya hapa nchini, na ningependa maabara hiyo iwe Vwawa, kwa sababu za upendeleo wa wazi kabisa. Na pembeni yake kiwe chumba chenye feni kubwa ya kupimia mabawa, ambacho mlango wake haumwulizi mtu cheti, ili fundi mwingine wa Tunduma akija na panga lake begani apate pa kuliweka.